"Endelea Tu, Utaniona": Mtoto Mwenye Asperger Katika Darasa la Watoto 94

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha Kiswahili na SST (maarifa ya jamii) darasa la tano, yaani P.5, katika shule ya serikali hapa Busia, upande wa Uganda. Nina wanafunzi 94. Mmoja, mvulana wa miaka kumi na mmoja, ananishinda. Hesabu anafanya kichwani, Kiswahili anaongea kama kamusi, na malori yote yanayovuka mpaka anayajua: nambari, idadi ya ekseli, limetoka nchi gani. Lakini hana rafiki hata mmoja. Hunisahihisha mbele ya darasa. Juzi alikuwa anagonga dawati kwa rula, nikamwambia, "Endelea tu, utaniona," akaendelea. Tulipokuwa tunasoma nahau nikasema mtu "amevunjika moyo", akauliza alipelekwa hospitali gani. Darasa zima likacheka. Wiki iliyopita kengele ililia kabla ya wakati, akaziba masikio, akaingia chini ya dawati na kumpiga teke mwenzake aliyejaribu kumvuta. Walimu wengine wanasema amedekezwa, wengine wanasema aombewe. Binamu yangu muuguzi anasema huenda ni Asperger. Ni kitu gani, na mimi mmoja na watoto 94 nitamsaidiaje? Mama yake anauza samaki sokoni, nauli ya Kampala hana. Ana dada yake P.3, huyo hana shida, ni mkimya tu, anacheza peke yake na vizibo vyake.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yamerudi kwenye maneno yaleyale: "Endelea tu, utaniona." Hebu yasikie kwa masikio ya kijana huyo. Umemwambia mambo mawili. La kwanza ni amri: endelea. La pili ni habari: utaniona. Amri akaitii. Habari nayo haikuwa na jipya, maana alikuwa anakuona tayari, umesimama mbele yake. Wewe ukarudi ofisini ukisema mtoto ni jeuri. Yeye akarudi nyumbani akijiuliza kwa nini mtu anakasirikiwa kwa kutii.

Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Jina lenyewe tusikae nalo sana. Hans Asperger alikuwa daktari wa watoto mjini Vienna, na mwaka 1944 aliandika juu ya wavulana wanne waliokuwa na akili na maneno mengi lakini hawakuweza kuishi na wenzao. Aliwaita maprofesa wadogo. Mwaka 1981 Lorna Wing, daktari wa akili wa Uingereza, ndiye aliyeleta jina "Asperger" likajulikana. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaliingiza mwaka 1994, kisha mwaka 2013 ukaliondoa na kuiweka hali hiyo ndani ya usonji, yaani autism. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 imefanya vilevile. Kwa hiyo ukifika hospitali ukaandikiwa "usonji", usidhani daktari amekosea. Wapo pia watu wenye hali hii wasiolitaka jina hilo kabisa, kwa sababu utafiti wa mwanahistoria Herwig Czech uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba Asperger alishirikiana na utawala wa Wanazi, na baadhi ya watoto aliwapeleka kwenye kituo ambako watoto walemavu waliuawa. Mimi nalitumia hapa kwa kuwa ndilo uliloniuliza.

Walimu wengi wakisikia usonji humfikiria mtoto asiyesema. Huyu wako anasema, tena sana. Wenye hali ya Asperger huanza kusema kwa wakati, na akili ya darasani wanayo. Kinachowatatiza ni yale ambayo sisi wengine hatukufundishwa na mtu: kujua kwamba mtu amechoka kusikiliza habari za malori, kujua kwamba "utaniona" ni kitisho, kujua sauti ya utani na sauti ya ukali. Halafu kuna mapenzi makubwa ya kitu kimoja, kuna kutaka siku iende kama ilivyopangwa, na kuna masikio, ngozi, pua au ulimi unaopokea vitu kwa nguvu kuliko vyetu. Wengi pia mikono yao ni mizito katika kuandika. Mimi siwezi kumpima mtoto kwa barua, na wewe huwezi kumpima kwa kumtazama darasani. Lakini hakuna hata moja kati ya haya nitakayokueleza linalohitaji cheti cha daktari ndipo ulianze.

Amedekezwa? Hapana. Hali hii haitokani na malezi. Sehemu kubwa iko katika kurithi, na ubongo huanza kukua kwa njia hiyo kabla mtoto hajazaliwa. Haitokani na chanjo, wala na mama kuuza samaki badala ya kukaa nyumbani. Hilo mwambie mama waziwazi, maana nina hakika ameshalaumiwa na majirani na mashemeji. Na wanaosema aombewe, usigombane nao. Aombewe. Sharti ni kwamba asikose masomo, asilazimishwe kufunga kula, na asiguswe na fimbo ya mtu yeyote kwa jina la kumtoa pepo.

Nitangulize onyo moja. Orodha nyingi za dalili zimeandikwa Ulaya na Marekani, na cha kwanza utakachokuta ni kwamba mtoto "hatazami machoni". Sasa niambie, Mwalimu, ni mtoto gani aliyelelewa vizuri hapa kwetu anayemkodolea mkubwa macho? Wasichana wa Kisoga wanapiga magoti kusalimia. Dalili hiyo itakupotosha. Upande wa pili, yapo mambo ambayo Ulaya yangepita na hapa yanaonekana dhambi kubwa: kumsahihisha mwalimu mbele za watu, kutoitikia salamu kwa utaratibu, kumwambia mgeni ukweli kuhusu tumbo lake. Kwa hiyo mtoto wa namna hii hapa kwetu anaadhibiwa mara mbili, kwa hali yake na kwa adabu asizozijua.

Nami najua, kwa sababu niliwahi kuadhibu. Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Nikamuuliza kijana mmoja, "Unataka kunifutia ubao?" Akasema, "La." Basi. Hakuinua sauti, hakununa, alijibu swali. Nikampiga viboko viwili mbele ya darasa. Miaka mingi baadaye nikiwa Kyambogo, chuoni wanakofundisha elimu ya mahitaji maalumu, mhadhiri alikuwa anaeleza jinsi watoto hawa wanavyochukua maneno, kalamu yangu ikasimama. Saa nzima sikuandika kitu. Siku hizi sheria ya watoto, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inakataza viboko shuleni, ingawa wewe na mimi tunajua vinakofichwa. Kwa mtoto huyu kiboko hakifundishi lolote, kwa sababu hajui kosa ni lipi.

Basi tuanze na lugha, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa lugha na ndiko kwenye faida kubwa.

Kiswahili chetu kimejaa maneno yasiyosema yanachosema. Mwalimu anatoka mlangoni huku anasema "nakuja". Anaondoka, anasema anakuja! Tunamwambia mtoto "kaa vizuri" naye amekaa vizuri kabisa, hajaanguka. Tunauliza "kwani huna masikio?" na tunakasirika akijibu kwamba anayo. Tunamuuliza "habari za nyumbani?" naye anaeleza kwamba mbuzi ameharisha na baba hajarudi tangu Jumanne. Kwa wiki moja jaribu kujisikiliza. Utashangaa. Kisha badilisha. Badala ya "endelea tu, utaniona", sema: "Acha kugonga dawati. Weka rula ndani ya mkoba." Badala ya "nakuja", sema "naenda ofisini, nitarudi baada ya dakika kumi", na kama huna hakika ya dakika kumi, usizitaje, maana atazihesabu.

La pili katika lugha: mwite jina kwanza. Ukisema "Watoto, toeni madaftari", yeye anaweza kuketi tu akikutazama. Hajakataa. Amesikia ukiwaambia watoto, na hajajihesabu humo. Taja jina lake, ngoja kidogo akugeukie kwa namna yake, hata kama macho yanatazama dirishani, kisha toa agizo moja. Akimaliza, la pili. Maagizo manne kwa pumzi moja yatamwacha na la kwanza au la mwisho. Na usirudie kwa maneno mapya akichelewa kujibu. Sisi tukiona mtoto kimya tunaeleza tena kwa njia nyingine. Kwake hilo ni swali jipya juu ya swali ambalo bado analifanyia kazi. Hesabu moyoni mpaka kumi.

Nahau sasa. Kicheko cha siku ile kilimuumiza kuliko unavyodhani, na chanzo chake hakikuwa udhaifu wa Kiswahili. Mtoto aliyeuliza mtu wa moyo uliovunjika alipelekwa hospitali gani ndiye peke yake darasani aliyekuwa anasikiliza maneno. Mpe nahau kama anavyopewa nambari za malori, kitu cha kukusanya. Daftari lake lipigwe mstari katikati: kushoto maneno yenyewe, kulia maana yake. Kupiga maji, kulewa. Kula kiapo, kuapa. Mkono wa birika, uchoyo. Kwa wengine nahau ni ladha. Kwake ni orodha, na orodha anaipenda. Nimeona watoto wa aina hii wakifika mwisho wa muhula wanajua nahau kuliko mwalimu, kisha wanaanza kukusanya za babu zao. Kitakachobaki kigumu ni kuzitambua zikitokea ghafla katika mazungumzo. Hapo mfundishe sentensi moja ya kujiokoa: "Hiyo ni nahau?" Na darasa lizoee kwamba swali hilo ni swali la akili. Ukilijibu bila kutabasamu, nao wataacha kucheka.

Kuhusu kukusahihisha. Usimwambie "usinisahihishe", kwa sababu kwake kosa lililo ubaoni ni kama mwiba mguuni. Mpe njia. Mwambie mkiwa wawili: "Nikikosea tarehe au tahajia, andika kwenye karatasi, unipe kipindi kikiisha." Mweleze na sababu, maana kanuni isiyo na sababu haishiki kwake: "Ukisema mbele ya wote, wengine wanacheka na somo linasimama." Atakuuliza: je, kama ni hesabu na wenzangu wanainakili ikiwa na kosa? Swali zuri. Mpe jibu tayari: "Hapo inua mkono, useme, Mwalimu, naomba uangalie mstari wa tatu." Kisha, Mwalimu, akisema hivyo, angalia mstari wa tatu. Umshukuru. Hapo darasa zima litakuwa limejifunza namna ya kumkosoa mkubwa kwa heshima, na sijui ni shule gani hapa nchini isiyohitaji somo hilo.

Siku yenyewe. Wewe na mimi tukifika shule tunajua kwamba ratiba ya ukutani ni ndoto. Mwalimu wa sayansi ameitwa wilayani, kuna msiba kijijini, mvua imenyesha na nusu ya darasa haijafika, kuna kikao cha ghafla, hesabu imehamia baada ya uji. Wengine wanachukulia hivyo hivyo. Kwake kila badiliko ni kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo. Chukua kipande cha boksi la sabuni, andika vipindi vya leo tu, kimoja chini ya kingine, ukibandike karibu na anapokaa. Kipindi kikiisha akikate mwenyewe kwa chaki. Kukiwa na badiliko, wewe mwenyewe nenda pale, futa, andika jipya, umwambie kabla ya darasa zima kujua: "Leo Madam wa sayansi hayupo. Badala yake tutasoma. Sayansi itakuwa kesho baada ya mapumziko." Hiyo inachukua chini ya dakika moja. Mambo yasiyojulikana yaandike hivyo hivyo: "Labda mkutano." Neno "labda" likiwa limeandikwa anaweza kulivumilia.

Kengele yenu naifikiria, nadhani ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini na kupigwa kwa chuma, kama shule nyingi. Kwa sikio lake sauti hiyo inaweza kuwa maumivu, si kelele. Dawa ni rahisi kuliko zote katika barua hii: mfanye yeye ndiye mpiga kengele, au msaidizi wa anayepiga. Sauti unayoitoa mwenyewe, na unayojua italia lini, mara nyingi haikushtui. Kama mkuu wa shule hataki, basi mtoto apewe ishara dakika mbili kabla, au aketi upande wa mbali na mti huo. Kuna mvua pia. Chini ya mabati, mvua ya Aprili inapopiga, hata wewe huwezi kufundisha; unaandika ubaoni na kungoja. Mruhusu aweke vidole masikioni au afungie kitambaa kichwani, na asidaiwe chochote mpaka ipite. Tena uliza habari za sare, shingoni hasa, na habari za chakula. Posho (ugali) yenye maharage iliyomwagiwa mchuzi juu inaweza kumshinda wakati posho peke yake anaila. Huko si kuchagua chakula kwa maringo.

Sasa siku ile ya chini ya dawati.

Mtoto anayelilia kitu huchungulia kuona kama unamtazama, na akipata kitu hunyamaza. Huyu wako hakuwa anataka kitu. Alikuwa amefurika. Kelele, kengele ya ghafla, watoto 94 wakiinuka kwa pamoja, mmoja akamshika mguu. Teke lile lilikuwa la mtu anayezama. Ikitokea tena, kwanza waondoe wengine, usimwondoe yeye. Asiguswe. Usimuulize "una nini?", hana maneno wakati huo, hata kama jana aliongea kama kamusi. Punguza sauti yako, punguza maneno, kaa karibu lakini pembeni, si mbele yake. Sentensi moja yatosha: "Uko salama, nitangoja." Kisha ngoja kweli. Akitoka, mpe maji. Kesi ya teke iko palepale, mwenzake ameumia na lazima apewe haki yake, lakini iendeshwe kesho yake, mkiwa mmetulia, na kwa kuchora: hapa ulikuwa wewe, hapa kengele, hapa mwenzako. Atakueleza kwa mchoro yale ambayo kwa mdomo hangeweza.

Bora zaidi ni kuzuia. Mara nyingi kabla ya kufurika kuna dalili: anagonga kitu, anatikisa mguu, anarudia swali moja. Rula ile juu ya dawati, Mwalimu, huenda ndiyo iliyokuwa dalili. Mpe kizibo cha soda kilichopakwa rangi. Akikiweka mezani kwako, hana haja ya kueleza. Anatoka, anakwenda chini ya mwembe mnaoukubaliana, anahesabu hadi mia tatu, anarudi. Mipaka iwe wazi: mwembe ule, si geti, mia tatu, si elfu. Walimu wenzako watasema atatumia kizibo hicho kukimbia kazi. Wiki ya kwanza labda. Baadaye utaona anakihitaji mara chache, kwa sababu kujua kwamba mlango upo kunamtosha.

Marafiki. Hapa watu wengi huharibu kwa wema. Usimsukume katikati ya uwanja wakati wa mapumziko ukisema "nenda ucheze na wenzako". Mapumziko ndiyo saa ngumu kuliko zote kwake, hayana ratiba wala kanuni. Mpe kazi yenye mwisho, akiwa na mtoto mmoja mwingine: kupanga vitabu, kuhesabu madaftari, kuchota maji ya kufutia ubao. Wawili wenye kazi huzungumza kuhusu kazi, na urafiki huanzia hapo. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wao hawatusomi sisi, nasi hatuwasomi wao. Ukiwachunguza wanafunzi wako utaona ni kweli. Wale 93 hawajawahi kutakiwa kumwelewa.

Na fungua macho kwa watundu. Katika kila shule niliyokwenda nimekuta mchezo mmoja: wanamtuma mtoto wa namna hii kwa Madam aende kusema neno chafu ambalo wao wamempa maana ya uongo. Analisema kwa heshima zote, anapigwa, wao wanacheka nyuma ya choo. Akikuletea neno la ajabu, uliza kwanza limetoka wapi.

Malori ni hazina yako. Busia ni mlango. Malori ya njia ya Mombasa kwenda Kampala, na mengine mpaka Kigali na Kongo, yanapita hapo mchana na usiku, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kianze kazi mtoto huyu pengine anajua foleni imekuwa fupi au ndefu kuliko maofisa. Uko P.5, na SST ya P.5 ni Uganda: usafirishaji, biashara, bidhaa zinazotoka na zinazoingia. Mpe dakika tano, zenye mwanzo na mwisho, alieleze darasa jinsi ya kujua lori limetoka nchi gani kwa kuangalia bamba lake. Katika hesabu, uzito wa tani uugawe kwa ekseli. Katika Kiswahili, insha ya "Siku yangu njema" itakupa mistari mitatu. Insha ya "Lori lililokwama kwenye mizani" itakupa kurasa mbili. Wapo wataalamu wanaosema mapenzi haya yapunguzwe ili mtoto "apanuke". Sikubaliani nao. Yawekewe saa, hayo ndiyo, lakini usimnyang'anye. Mama mmoja niliyekutana naye Tororo aliniambia mwanawe hutulia akishika kufuli. Shule ilikuwa inamnyang'anya kufuli hilo kila asubuhi kwa mwaka mzima, kisha inashangaa kwa nini hatulii.

Kwa mambo ya adabu ambayo hayasomeki kwake, mwandikie hadithi fupi. Mwalimu wa Marekani Carol Gray alianza kuandika hadithi za aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ubao wetu unazimudu kabisa. Mfano: "Saa saba tunapanga foleni ya chakula. Watoto ni wengi na foleni ni ndefu. Wakati mwingine mtu hunigusa kwa nyuma. Mara nyingi amesukumwa, hakutaka kunipiga. Nikiguswa naweza kusema: Naomba nafasi. Naweza pia kusimama mwisho wa foleni, chakula bado kitakuwepo." Hakikisha sentensi ya mwisho ni ya kweli shuleni kwenu kabla hujaiandika. Aisome asubuhi, kila siku, kabla ya foleni. Usiandike "lazima" na "usi-" tupu. Eleza kinachotokea na kwa nini.

Kazi ya kuandika niiguse kwa haraka. Akishaonyesha kwa hesabu nne kwamba anajua, usimdai ishirini. Akiandika jibu bila njia, mweleze kwamba katika mtihani njia nayo ina alama. Atakubali, kwa kuwa ni kanuni yenye sababu. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, iko mbele yake kwa miaka miwili tu. UNEB, baraza la mitihani la taifa, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada na msaidizi inapohitajika, lakini shule ndiyo inayopaswa kuwatambua na kuwaombea wakati wa kuandikisha. Mkuu wako aambiwe sasa, na kumbukumbu zianze kuwekwa sasa: tarehe, kilichotokea, kilichosaidia. Kitabu cha kawaida cha kurasa 48 chatosha. Kitabu hichohicho ndicho kitakachomsaidia daktari siku ikifika.

Kampala si lazima. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili, na ni karibu kwenu. Mama aanzie kituo cha afya apate barua ya rufaa. Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili kule Kampala, ni kwa baadaye kama ikihitajika. Dawa ya kuondoa hali hii haipo. Atakayemuuzia mama unga, mafuta au sindano ya kuondoa usonji ni mwizi, hata akiwa na koti jeupe. Na shule isimtishie kumfukuza wala kumpeleka bweni la mbali la watoto walemavu kwa sababu ya kengele. Elimu ya msingi kwa wote ipo tangu 1997 na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kubaguliwa shuleni.

Ukienda kuzungumza na mama, nenda sokoni jioni samaki wanapokaribia kwisha, usimwite ofisini. Mama akiitwa shule anajua kuna kesi. Anza na malori na hesabu. Kisha muulize: "Nyumbani akilia mnafanyaje?" Utakuta ana mbinu zake alizozigundua mwenyewe kwa miaka kumi na moja. Zichukue, uzitumie darasani. Jina la Asperger usilitaje mwanzoni, eleza unachokiona. Na darasani usilitangaze kamwe bila ruhusa yake na ya kijana mwenyewe.

Umeuliza utawezaje ukiwa na watoto 94. Boksi la sabuni, kizibo, karatasi ya marekebisho na ulimi wako. Anza na ulimi na boksi, wiki mbili, mengine yangoje. Utakuta wapo wengine watano sita wanaochungulia lile boksi.

Nimalizie na yule uliyemtaja mwisho, kana kwamba si hoja: dada wa P.3, mkimya, anayecheza peke yake na vizibo vyake. Wasichana wenye hali hii mara nyingi hawaonekani. Hawapigi mateke. Wanawatazama wenzao na kuwaiga, salamu zao ni sahihi, goti linapigwa vizuri, kisha wakifika nyumbani wanaanguka kwa uchovu au wanalia bila sababu inayojulikana. Sisemi anayo. Ila siku ukienda kwa mama sokoni, muulize na yeye jioni huwaje, na hivyo vizibo huvipanga vipi, na kikihamishwa kimoja inakuwaje. Kisha uniandikie.